Bustani Wanamokaa Mbwa na Paka

Kabla hujanunua mche hata mmoja, toka nje asubuhi mapema utazame mbwa wako anapita wapi. Karibu kila ua wenye mbwa una njia ambayo hakuna mtu aliyeichora. Inaanza getini, inafuata ukuta, inakata kona nyuma ya jiko la nje, inarudi getini. Hapo nyasi zimekufa na udongo umeshindiliwa. Wenye nyumba wengi huiona njia hiyo kuwa uharibifu. Wanapanda maua juu yake, mbwa anayakanyaga, wanapanda tena, na mwisho mbwa anafungwa mnyororo mchana kutwa.

Mimi naichukua njia hiyo kuwa ramani ya kwanza ya bustani. Mbwa anayezunguka ukuta anakagua mpaka wake na kunusa nani kapita nje, na hakuna ua la mapambo litakalomwachisha kazi hiyo. Mwachie ukanda wa sentimita 60 hadi 90 kuuzunguka ukuta wote, umwage humo mchanga au kokoto za mviringo za mtoni (kokoto za kuponda zina ncha, zinamkata nyayo), kisha vitanda vya maua vianzie ndani ya ukanda huo, vikingwe na mawe au matofali. Ukipanda vichaka vya kimo cha kiuno upande wa ndani, mgeni aliyekaa barazani haioni hata njia yenyewe. Maua yanapona, na mbwa anabaki huru.

Chukua karatasi sasa uchore ua wako wote. Tia alama mahali mbwa anapolala saa saba mchana, anapochimba, anapojisaidia. Kama una paka, tia alama ukuta anaoupanda na kitanda cha mboga alichokifanya choo. Fanya hivyo kwa wiki moja, ujue na kivuli kinaanguka wapi kila saa. Karatasi hiyo itakuokolea fedha nyingi kuliko ushauri wa fundi bustani ambaye hajawahi kumwona mnyama wako.

Jua

Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Unguja: kote huku adui wa kwanza wa mbwa aliye nje ni joto. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi ukiwa nje, na hewa inapokuwa ya moto na nzito kwa unyevu wa bahari, kuhema huko hakumfikishi mbali. Joto la kawaida la mwili wake ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likivuka 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika, na mbwa wa pua fupi hufika huko haraka kuliko wengine.

Kwa hiyo tafuta kivuli cha saa saba mchana, wala usidanganyike na kile cha asubuhi. Mkungu hukua upesi na hutandaza matawi yake kwa ngazi. Mwarobaini unavumilia ukame. Mwembe una kivuli kizito kuliko yote, ila una matatizo yake nitakayoyataja. Mti ukiwa bado mdogo, simamisha mirunda minne, uezeke makuti, acha pande zote wazi upepo upite. Kazi hiyo ni ya siku moja tu, na mbwa ataipenda kuliko banda la gharama.

Nasikitishwa sana na mtindo wa siku hizi wa kutandika peving ua mzima, kuanzia geti hadi mlango wa jikoni. Nyumba inaonekana safi, lakini mchana ua huo ni kikaango. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya matofali hayo saa nane mchana kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazivumilii. Gari linahitaji njia yake, watu wanahitaji njia yao, lakini nusu ya ua angalau ibaki udongo na nyasi. Mvua nayo itapata pa kuingia.

Kuhusu nyasi, ukoka unastahimili mikimbio ya mbwa na huota tena upesi ukikanyagwa, ila unataka jua kamili. Nyasi za Pemba zinavumilia kivuli na hewa ya chumvi, zinafaa chini ya minazi. Ukiwa Nairobi, Limuru au Arusha, nyasi za Kikuyu ndizo za mahali hapo, kwani asili yake ni nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki, na hazichoki kirahisi. Yale mabaka ya njano yanayobaki baada ya mbwa kukojoa yanatokana na wingi wa naitrojeni. Mwagia maji mengi mara tu anapomaliza, au mzoeshe kona moja yenye mchanga.

Na kuchimba je? Mbwa anayechimba mchana wa joto anatafuta udongo wa baridi alalie. Ukimfokea hapa atachimba pale. Mtengee shimo lake kwenye kivuli, mita moja kwa mbili, kina cha nusu mita, ulijaze mchanga na kuunyunyizia maji kila asubuhi. Fukia humo mfupa au mpira siku za mwanzo. Akishajua kuwa hapo ndipo pake, vitanda vya maua vinapumzika.

Mimea inayoua

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wanyama wengi wanapotea na wenyewe wasijue kilichowaua.

Wauza maua wa kandokando ya barabara watakuambia mche unataka jua au kivuli, na unyweshwe mara ngapi. Kuhusu sumu hawasemi, kwa sababu hakuna anayewauliza. Waulize. Na usiwategemee wao pekee.

Anza na oleanda, kile kichaka chenye majani membamba marefu na maua ya waridi, meupe au mekundu, kinachopandwa sana kando ya barabara na mbele ya hoteli kwa sababu hakiombi maji. Kila sehemu yake ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo: jani, ua, mti wenyewe, hata maji ya chombo lilimowekwa ua lake. Ndugu yake mwenye maua ya njano yaliyofumba ana mbegu mbaya zaidi. Vyote viwili ving'oe, wala usivichome moto uani, kwani moshi wake nao una madhara.

Mtapo, pamoja na ule mdogo wa kigeni unaouzwa ghali kwa ajili ya kupamba mlango, unawadanganya watu kwa sababu unafanana na mnazi mchanga. Mbegu zake nyekundu au za rangi ya chungwa zinawavutia mbwa, na zinaua ini. Mbwa hutapika siku ya kwanza, anaonekana amepata nafuu, kisha baada ya siku mbili tatu macho na ufizi vinageuka njano. Kama unataka umbo la aina hiyo, mimea mingi halisi ya jamii ya minazi, kama ule mdogo wenye mashina mengi ya njano unaowekwa kwenye vyungu vya barazani, haina sumu.

Mbarika huota wenyewe kwenye maeneo ya wazi na nyuma ya vyoo vya nje. Mbegu zake, nyonyo, zikimezwa nzima huenda zikapita, lakini zikitafunwa zinatoa risini, sumu ambayo haina dawa ya kuipinga. Kuwa mwangalifu pia na mbolea ya mashudu ya mbarika: ikichanganywa na unga wa mifupa, mbwa anaifuata kwa harufu ya mifupa na kuila kwa wingi. Mturituri ni wa kundi hilohilo. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinapendeza kwenye shanga, lakini mmea unaotambaa kwenye uzio wako ukiwa nazo, uondoe. Mnanaha, wenye maua meupe ya tarumbeta na tunda la miiba, huwatia wanyama wazimu na kuharakisha moyo. Nao huota bila kupandwa, hasa baada ya mvua za masika, kwa hiyo palilia ukiutafuta.

Kuna kichaka kinachopendwa Nairobi na Arusha ambacho maua yake hufunguka yakiwa zambarau, yakafifia na kuwa meupe kwa siku tatu, na wengi hukiita jana-leo-kesho. Harufu yake jioni ni nzuri mno. Vitunda vyake vinamfanya mbwa atetemeke na kupata degedege. Sioni sababu ya kuwa nacho nyumbani kwenye mbwa mdogo anayetafuna kila kitu.

Minyaa nitaisemea peke yake, kwa kuwa siwezi kumwambia mtu wa Dodoma au Singida aung'oe uzio wa mababu zake. Utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na unaweza kupofusha jicho. Uzio ukiachwa bila kuguswa haumdhuru mnyama sana, hatari iko siku ya kuupunguza. Siku hiyo mfungie mbwa ndani, kusanya matawi yote, na usimtoe mpaka utomvu uwe umekauka. Ukiweza, vuta wavu wa waya ndani ya minyaa, umbali wa hatua moja, mbwa akimbie upande wa wavu.

Majani mapana yenye madoa meupe yanayowekwa kwenye vyungu barazani yana fuwele ndogo zinazochoma kinywa. Mnyama akiyatafuna, ulimi unavimba na mate yanamtoka. Ni nadra kuua, lakini anateseka. Mshubiri unatapisha na kuharisha. Vyote hivi viinue juu, kimo ambacho mbwa hakifikii, na kwa paka uvitoe kabisa.

Na kwa mwenye paka kuna mmoja ambao sina mzaha nao hata kidogo: lili, yale maua makubwa ya tarumbeta yanayotiwa kwenye mashada ya harusi na misiba. Paka akitafuna jani moja, au akijiramba chavua iliyomwangukia mgongoni, figo zake zinaweza kufa ndani ya siku tatu. Tiba ipo ikiwa daktari atamfikia saa chache za mwanzo. Baada ya hapo nafasi inapungua kila saa. Shada likiletwa nyumbani kwako, toa lili zote kabla hujalitia kwenye chombo.

Baada ya orodha hiyo ndefu mtu anaweza kudhani hakuna kilichobaki cha kupanda. Angalia uani kwa mabibi zetu wa pwani: asumini, mrehani, waridi. Mimea hiyo iliyotungiwa vikuba na kutandazwa vitandani haina madhara kwa mbwa wala paka. Ongeza hibiskasi kwa rangi, zinia na alizeti kwa msimu, mianzi ya kuficha ukuta, feni mahali penye kivuli cha unyevu, na migomba nyuma ya bafu inayokunywa maji ya kuogea. Hiyo tayari ni bustani kamili.

Matunda yanayoanguka

Zabibu zinawafelisha mbwa figo, ziwe mbichi au kavu, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Wenye mizabibu ya nyumbani Dodoma wanapaswa kuizungushia wavu wa waya na kuokota vichala vilivyoanguka kila siku. Ukwaju una asidi ileile inayodhaniwa ndiyo chanzo cha madhara ya zabibu, kwa hiyo nao uokotwe. Murang'a, Embu na Meru, ambako makadamia yamejaa viunga vya nyumba, mbwa akila kokwa zake hulegea miguu ya nyuma na kutetemeka. Kwa kawaida anapona ndani ya siku mbili, lakini kumtazama ni kugumu.

Embe halina sumu, ila kokwa lake likimezwa na mbwa wa wastani linaziba utumbo, na hapo inabidi upasuaji. Kokwa la parachichi ni vivyo hivyo. Msimu wa maembe, mtoto mmoja apewe kazi ya kuokota asubuhi na jioni. Vitunguu vya aina zote, pamoja na saumu, vinaharibu chembe nyekundu za damu, hivyo kitanda chake kikae ndani ya uzio wa mboga. Shimo la mboji lifunikwe: ugali uliovunda na mkate wenye ukungu hutoa sumu inayoleta degedege.

Sumu tunazozileta wenyewe

Sumu ya panya inaua mbwa na paka kwa njia mbili, kwa kuliwa yenyewe na kwa kula panya aliyeila. Zile za kuzuia damu kuganda hazionyeshi dalili upesi. Siku tatu hadi tano baadaye mnyama anakuwa mnyonge, ufizi unakuwa mweupe, na damu inatoka puani au kwenye kinyesi. Akiwahiwa, vitamini K1 inamwokoa. Lakini vipakiti vinavyouzwa mitaani bila lebo vinamfunga daktari mikono, kwa kuwa hajui anapambana na nini. Mtego wa waya na paka mwenyewe vinatosha kwa panya wa nyumba nyingi.

Dawa za kupulizia mboga zifungiwe kabatini, na siku ya kupuliza wanyama wabaki ndani hadi majani yakauke. Vidonge vya kuua konokono vyenye metaldehaidi vina ladha inayowavutia mbwa na vinaua kwa saa chache. Okota konokono kwa mkono usiku ukiwa na tochi.

Jambo jingine linahusu dawa za kupe. Dawa ya mbwa yenye permetrini inamuua paka, hata kwa kulala ubavuni mwa mbwa aliyepakwa muda mfupi uliopita. Soma lebo kila mara. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe usiikadirie kwa macho umpake mbwa. Mwulize daktari wa mifugo kipimo, au nunua iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kupe, safura na funza

Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa zaidi bandani kuliko kwenye nyasi, tofauti na wengi wanavyodhani. Akishashiba damu anadondoka, anapanda ukuta, anajificha kwenye ufa na kutaga mayai elfu kadhaa. Ndiye anayeeneza magonjwa ya damu yanayowaua mbwa wengi kwetu. Kwa hiyo banda lipigwe lipu laini ndani na nje, nyufa zizibwe, sakafu iwe ya saruji iliyoinuliwa sentimita 15 juu ya ardhi ili mvua za masika zisiingie, na mlango uupe mgongo upepo wa kusi. Ukubwa wake umwezeshe mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Bati peke yake linaoka, weka makuti juu yake. Matandiko yawe magunia yanayoweza kufuliwa na kuanikwa juani hadi yakauke kabisa, kwa sababu kuna inzi anayetaga mayai kwenye matandiko na mchanga wenye unyevu wa mkojo, na funza wake anachimba ngozi ya mbwa, na ya binadamu pia.

Minyoo ya safura ya mbwa inahitaji mchanga, kivuli na unyevu, yaani mahali hasa watoto wanapopenda kucheza. Mayai yaliyo kwenye kinyesi huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, na baada ya wiki hivi mabuu yako tayari kupenya ngozi ya mguu. Ndiyo maana kinyesi kinaokotwa kila siku, na kazi hiyo haiwezi kungoja Jumamosi. Chimba shimo mbali na kisima na vitanda vya mboga, ulifunike, au kitupe na taka. Mchanga wa watoto uwe na mfuniko wake, wala usiwe mmoja na shimo la mbwa.

Funza wa vidoleni aliingia Afrika kutoka Amerika miaka ya 1870 kupitia pwani ya Angola, akakatiza bara lote na kufika Zanzibar kabla karne haijaisha. Anapenda vumbi kavu lenye kivuli, kama lile la chini ya banda na chini ya mti mbwa anapolala. Nyunyiza maji, fagia, siliba, na kagua nyayo za mbwa kila unapozikagua za watoto.

Paka

Paka anahitaji vitu vitatu: juu, pa kukwaruza, na udongo wa kujisaidia. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zinampa kimo bila kutafuta, na nyumba ya kisasa inaweza kumpa rafu mbili za mbao ukutani, moja juu ya nyingine, juu kuliko mbwa anavyoruka. Pa kukwaruza, zungushia kamba ya mkonge gogo la mita moja lililosimikwa imara. Mkonge ni wetu, bei yake ni nafuu, na makucha yanaupenda kuliko shina la mpapai wako.

Choo chake kiwe sanduku la mchanga mkavu, sentimita 60 kwa 60, chini ya paa ili mvua isiliharibu, mbali na kelele za geti. Lisafishwe kila siku. Kimelea cha toksoplasma kilicho kwenye kinyesi cha paka huchukua siku moja hadi tano kabla hakijaweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kikiondolewa kwa wakati hatari inapungua sana. Mama mjamzito asilishughulikie sanduku hilo, na akilima bustani avae glavu. Vitanda vya mchicha na matembele vifunikwe kwa wavu wa waya hadi miche ifunge udongo, kwa kuwa paka anatafuta udongo uliolegea na ulio wazi.

Paka hutafuna majani. Mpandie ngano kwenye sinia, umpe ikiwa na kimo cha kidole. Mtama usitumie: mtama mchanga una sianidi, kama wafugaji wanavyojua kwa ng'ombe wao.

Jambo moja la ukuta linanikera, nalo ni vipande vya chupa vinavyopachikwa juu kwa ajili ya wezi. Mwizi hutupa gunia juu yake akapita, na paka wa nyumbani ndiye anayechanika tumbo. Ukuta wa kimo cha kutosha na taa inayowaka mtu anapokaribia vinalinda vizuri zaidi.

Mashimo, nyoka, siafu

Karo la maji taka, tangi la chini ya ardhi na kisima viwe na mifuniko ambayo mtoto wa mbwa hawezi kuisogeza. Maji ya kunywa yawe sehemu mbili angalau, moja kwenye kivuli, ndani ya chombo cha udongo kizito kisichopinduka na kinachobakiza ubaridi. Kisuguliwe kila siku, mbu wasizaliane humo, maana mbu ndio wanaowaletea mbwa minyoo ya moyo. Chini ya geti pasibaki nafasi ya kichwa kupita. Mbwa anayechungulia nje huumwa na mbwa wazururaji, na kichaa cha mbwa bado kipo kwetu. Uzio, hata ukiwa mzuri, hauondoi haja ya chanjo.

Rundo la matofali, kuni na mabati ya zamani ni nyumba ya panya, na panya anamwita nyoka. Liondoe, au lipange juu ya mihimili iliyoinuliwa, na nyasi za karibu zifyekwe. Kifutu hamkimbii mtu wala mbwa, hulala tu njiani. Swila hutema sumu machoni. Akimpata mbwa wako, mwoshe macho kwa maji safi mengi kwa robo saa nzima, ndipo umpeleke kwa daktari.

Siafu na nyuki ndio sababu yangu kubwa ya kupinga mnyororo. Msafara wa siafu ukiingia usiku wa mvua, mbwa aliye huru anahama. Aliyefungwa, au watoto wa mbwa waliofungiwa kwa komeo, hawana pa kwenda. Nyuki wakichafuka ni hivyo hivyo. Mzinga usikae karibu na banda, na banda lisifungwe kwa nje nyumba ikiwa haina mtu. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama asimtese, na mbwa anayeishi kwenye mnyororo wa mita mbili juani anateswa, hata akipewa chakula kizuri kiasi gani.

Akishakula asichopaswa

Ukimwona anatapika, anatetemeka au anatokwa mate bila sababu, mwondoe pale alipo, usafishe kinywa chake kwa kitambaa chenye maji, uchukue tawi la mmea au pakiti ya dawa unayoishuku na umpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimnyweshe maziwa, kwani sumu nyingine hufyonzwa haraka zaidi zikiwa na mafuta. Usimnyweshe chumvi ili atapike, chumvi yenyewe inaua. Usimlazimishe kutapika hata kwa dawa nyingine mpaka daktari aseme, kwa sababu vitu vinavyounguza vinaunguza mara ya pili vikirudi. Namba ya daktari ibandikwe ukutani jikoni, na msaidizi wa nyumbani na mlinzi wote waijue.

Kama huwezi kufanya yote kwa mkupuo, ng'oa kwanza, kwani kung'oa hakuna gharama: oleanda, mtapo, mbarika, mnanaha. Funika mashimo wiki hiyohiyo. Kivuli cha makuti na maji ndivyo vifuate, kabla joto la kaskazi halijapanda. Banda lipigwe lipu wakati wa kiangazi, saruji ipate kukauka vizuri. Miche ya miti na nyasi ipandwe masika yanapoanza mwezi Machi, na mbwa azuiliwe kwa wavu asiingie kwenye nyasi hizo hadi zishike mizizi, miezi miwili hivi. Miezi hiyo miwili aendelee kutumia ule ukanda wake wa ukutani.